Kuuza kitabu chako mwenyewe: stetasi, hadithi ya mfululizo, uzinduzi au mali kauli?

Mwandishi aliyechapisha kitabu kwa fedha zake hujikuta kati ya kauli mbili alizozisikia tangu utotoni. Moja inasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nyingine, ya watu wa sokoni, inasema biashara matangazo. Maboksi yako chini ya kitanda, mchapaji ameshalipwa, na kila akishika simu atangaze, ile kauli ya kwanza inamsuta. Mwishowe anaandika "samahani kwa usumbufu, kitabu changu kimetoka", anaibandika mara moja, kisha ananyamaza miezi sita.

Mimi naipinga kauli hiyo ya kwanza linapokuja suala la vitabu. Embe lililoiva hunukia likiwa bado kapuni, lakini kitabu kilichofungwa hakinukii kitu zaidi ya wino. Hakuna atakayejua utamu wake mpaka mtu aufungue mdomo akaeleza kilichomo. Na wa kwanza kukijua ni wewe uliyekiandika.

Wala si kweli kwamba kujitaja ni utovu wa adabu kwetu. Watunzi wa tenzi waliweka majina yao katika beti za mwisho, wengine pamoja na jina la baba na mji, ili msomaji amjue mtunzi na amwombee dua. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, husifiwa hadi leo kwamba aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Mpaka sasa malenga wanaotuma mashairi katika gazeti la Taifa Leo la Kenya hutia chini jina lao, lakabu yao (jina la utani la mtunzi) na mahali wanakotoka. Hata kujichapishia si jambo geni: mwandishi wa Tanzania Ben Mtobwa alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, Heko, na riwaya zake zikatoka humo, na kule Nairobi katika miaka ya 1970 David Maillu aliviuza vitabu vyake kupitia kampuni yake mwenyewe, Comb Books.

Basi haya inatoka wapi? Kwa maoni yangu inatoka katika jambo moja: kumwomba mtu mahali ambapo hawezi kukataa. Anayeombwa hivyo hununua kwa heshima. Kitabu kinakwenda kukaa juu ya kabati, na siku nyingine akikuona kwa mbali anavuka barabara. Mwandishi hulihisi hilo hata kama halisemi, ndiyo maana moyo unamwenda mbio kabla ya kubonyeza "tuma".

Kwa hiyo katika ulinganisho huu kipimo changu cha kwanza si idadi ya nakala zitakazotoka. Ni hiki: je, mtu anaweza kukipita kitabu chako kimya kimya, bila kukuvunjia heshima na bila wewe kujua? Kipimo cha pili ni fedha na muda utakaotumia. Cha tatu ni kama anayenunua atakisoma, kwa sababu aliyesoma ndiye atakayemwambia mwenzake.

WhatsApp: grupu, stetasi na orodha

Wengi huitaja WhatsApp kama njia moja. Ukweli ni njia tatu zenye tabia tofauti kabisa.

Grupu ndiyo mbaya kuliko zote. Grupu la ukoo, la mliosoma pamoja, la kikoba, la wazazi wa darasa la mtoto, kila moja lina shughuli iliyoliunda. Tangazo la kitabu likiangukia kati ya taarifa ya msiba na hesabu ya michango, hata aliyekuwa tayari kukinunua anapata kinyongo. Tena humo kila mtu anaona nani amejibu na nani amenyamaza. Shangazi akiandika "hongera mwanangu, niwekee kimoja", wengine nao wanajiona wamebanwa kuandika hivyo hivyo. Hongera zinajaa, wanaokuja na hela ni wa kuhesabu kwa vidole. Ninachokubali grupuni ni habari tu, mara moja, bila bei wala namba ya kulipia: "Ndugu zangu, kile kitabu nilichokuwa nikikiandika kimetoka. Atakayependa kukisoma anitafute pembeni." Hapo umewajulisha watu wako kama unavyowajulisha kuhusu mtoto aliyezaliwa, na hakuna aliyebanwa.

Stetasi ni kinyume chake. Inakaa saa 24 na inaondoka. Anayeifungua ameamua mwenyewe kuifungua, na asiyetaka anaipita. Kwa kipimo changu cha kwanza hakuna kinachoishinda, ila kuna mtego mmoja: inakuonyesha orodha ya walioitazama. Usiwafuate. Ukimwandikia mtu "nimeona umeangalia kitabu changu", umeifuta faida yote, na kesho hataifungua tena. Kingine ni unachokiweka. Picha ya jalada ileile kila asubuhi, na bei kwa herufi nyekundu, huzoeleka siku ya tatu. Weka mistari minne au mitano kutoka ndani ya kitabu, mahali ambapo mtu atataka kujua kilichofuata. Leo mazungumzo ya mke na mume, kesho maelezo ya gereza, keshokutwa kipande cha picha ya daftari ulilokuwa ukiandikia. Mtu anayefuatilia hivyo kwa wiki mbili hahitaji kushawishiwa. Atauliza mwenyewe kinauzwa wapi.

Orodha ya matangazo, ile inayotuma ujumbe mmoja kwa watu wengi kila mmoja kivyake, inachukua watu 256 na inawafikia wale tu waliohifadhi namba yako. Wengi huona hilo ni kasoro. Mimi naona ni ulinzi, kwa msomaji na kwako. Ila njia hii inafaa zaidi kwa kitabu cha pili kuliko cha kwanza, kwa sababu orodha nzuri hujengwa na walionunua kile cha kwanza. Mtu akilipia, muulize swali moja tu: "Nikitoa kingine nikujulishe?" Akisema ndiyo, hifadhi jina lake pamoja na mji wake na kitabu alichochukua. Akisita, muache. Orodha ya watu 60 waliosema ndiyo ina thamani kuliko namba elfu moja ulizonyofoa kwenye magrupu.

Upungufu wa njia zote tatu ni ule ule: zinazunguka ndani ya watu wanaokujua. Zitakufikisha kwa rafiki wa rafiki, kisha zinachoka.

Hadithi ya mfululizo

Hapa ndipo wageni wanapoanza kukujia, na kwa mwandishi wa riwaya ndiyo njia ninayoiamini kuliko nyingine. Ina mizizi mirefu kwetu. Hadithi za mwandishi wa Tanzania Erick Shigongo zilitoka kipande kwa kipande katika magazeti ya Global Publishers kabla ya kuwa vitabu, na wako waliolinunua gazeti kwa ajili ya ukurasa ule mmoja. Leo ukurasa umehamia Facebook, Telegram na WhatsApp, lakini neno "itaendelea" linafanya kazi ile ile.

Uzuri wake ni kwamba shinikizo linageuka. Badala ya wewe kumfuata msomaji, yeye ndiye anayekufuata: "Mwandishi, leo mbona kimya?" Umempa kwanza, hujamwomba kitu, na asiyependa anaacha kusoma bila mtu kujua. Anayefika sehemu ya kumi amekwishajithibitishia kwamba kitabu kinamfaa.

Gharama yake ni muda na nidhamu. Fedha haihitaji zaidi ya bando. Ukiahidi Jumanne na Ijumaa, iwe Jumanne na Ijumaa, hata kama umeme umekatika. Na lazima useme mapema mpaka wa bure uko wapi. Kinachowaudhi wasomaji si kulipia; wengi wamezoea kutuma shilingi 1,000 au 2,000 za Tanzania wapate sehemu zilizobaki. Kinachowaudhi ni kudhani hadithi ni ya bure mpaka mwisho, halafu katikati ya kisa wakakuta namba ya kulipia. Andika tangu sehemu ya kwanza: "Sehemu 12 za mwanzo ni za wote. Zilizobaki zimo kitabuni." Baada ya hapo kata pale panaponoga, na hakuna atakayesema umemchezea.

Hatari kubwa ni nakala tete. Faili lenye hadithi nzima likishatoka kwenye simu yako, halirudi. Anayelituma kwa wenzake mara nyingi hana nia mbaya, amependa tu. Kama umechapisha kwa karatasi, sehemu ya mwisho ibaki kwenye karatasi. Kama unauza kwa simu peke yake, tuma vipande vidogo vidogo na uweke bei ambayo mtu haoni sababu ya kuikwepa.

Njia hii haina msaada kwa kila kitabu. Kitabu cha ufugaji wa kuku hakikatwi kwa "itaendelea", na mtu mwenye kuku wanaokufa leo hawezi kusubiri Ijumaa.

Uzinduzi

Kwa fedha za siku moja, uzinduzi unaweza kuzipita njia zote. Pia ndiyo njia yenye shinikizo kubwa kuliko zote, na nasema hivyo nikiwa nimekaa katika kumbi nyingi za namna hiyo. Kadi inatumwa ikiwa na ahadi ya mchango. Mgeni rasmi ananunua nakala ya kwanza kwa bei ya mnada, wa meza kuu wanafuata kwa vyeo vyao, na mshereheshaji anawataja kwa majina wale ambao hawajasimama. Hakuna anayeweza kukataa pale mbele za watu. Ukiangalia vizuri, hotuba ya mgeni rasmi ni ndefu kuliko maneno ya kitabu yaliyosomwa, na mara nyingine hayasomwi kabisa.

Hesabu nayo inadanganya. Toa ukumbi, viti, vipaza sauti, chakula, mshereheshaji na mpiga picha, kisha uone kilichobaki. Halafu toa nakala zilizokwenda kwa watu ambao hawatazifungua.

Uzinduzi una mahali pake. Kama kitabu ni kumbukumbu za mzee wa familia, historia ya kijiji au ya shirika, watu wanakuja kumheshimu mhusika, na kuchangia ni sehemu ya heshima hiyo. Hapo haya haipo. Lakini kwa riwaya au mashairi, ningeziweka fedha hizo katika kikao kidogo cha kusoma. Dar es Salaam kuna Mkahawa wa Vitabu wa Soma kule Mikocheni; pengine ni maktaba ya mkoa, ukumbi wa chuo, au baraza la nyumba yenye nafasi. Watu 25, chai, kurasa tatu zikisomwa kwa sauti, maswali, na vitabu mezani karibu na mlango. Anayetoka bila kununua anatoka kwa amani. Kwa washairi ndiyo bora zaidi, kwa kuwa shairi la Kiswahili limeumbwa lisikike, na beti mbili zikighanwa vizuri zinamaliza kazi ambayo tangazo haliiwezi.

Mali kauli

Waandishi wenye aibu sana huipenda njia hii kwa sababu hawaonani na mnunuzi. Unapeleka nakala dukani, mwenye duka anauza, anakata chake, anakulipa kilichouzwa. Kwa kipimo cha kwanza ni salama kabisa: mtu ameingia dukani kutafuta kitabu.

Tatizo ni fedha kuchelewa na faida kuwa nyembamba. Chukulia kitabu kinauzwa 10,000 na kila nakala imekugharimu 4,000 kuchapa. Duka likichukua 3,500, unabakiwa na 2,500, kabla ya nauli ya kufuatilia. Ukiuza mwenyewe mkononi, 6,000 ni yako. Kwa hiyo mali kauli inataka nakala nyingi na subira, na inataka karatasi. Usiache kitabu hata kwa rafiki bila hati yenye idadi, bei, asilimia ya duka na tarehe ya kuhesabiana. Duka kubwa la vitabu litakuuliza ISBN, ile namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu. Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, na Kenya na Huduma ya Maktaba ya Taifa. Iombe kabla ya kuchapa, si baada, kwa sababu ndani ya kitabu kilichokwisha kuchapwa huwezi kuitia tena.

Kitu ambacho waandishi wa vitabu vya maarifa hawakitumii vya kutosha ni maduka yasiyo ya vitabu. Kitabu cha kuku kikae duka la pembejeo na dawa za mifugo, pembeni ya chanjo. Kitabu cha kushona kikae panapouzwa nyuzi na vifungo. Kitabu cha malezi ya mtoto mchanga kikae kwenye duka la nguo za watoto. Pale mtu amekuja na shida mkononi, na kitabu chako kinaijibu. Muuza dawa za mifugo akiulizwa swali lile lile mara nyingi kwa siku, atakishika kitabu chako mwenyewe na kusema "soma hiki". Hujaomba, hujasukuma, na huenda hata hukuwepo. Katika njia zote ninazozilinganisha hapa, hii ndiyo inayopuuzwa bila sababu.

Shule zina sura yake. Mwanafunzi hawezi kumkatalia mwalimu, na mzazi hawezi kulikatalia jina lililo kwenye orodha ya mahitaji. Kitabu kikipita kwa mlango huo bila kuwa miongoni mwa vilivyoidhinishwa, umewabana watu wawili kwa mpigo. Nenda shuleni, omba ruhusa, wasimulie watoto hadithi, acha nakala mbili maktaba. Mtoto aliyependa atamsumbua mama yake nyumbani, na hiyo ni kazi yake, si yako.

Undugu na bei

Njia yoyote utakayoichagua, utakutana na sauti hii: "Nipe nakala moja basi, ndugu yangu." Usipojiandaa, ama utagawa boksi zima, ama utaonekana mchoyo. Amua kabla kitabu hakijatoka. Tenga idadi ya zawadi, tuseme 20, na uandike majina: wazazi, mwalimu aliyekufundisha kuandika, aliyesoma muswada, maktaba ya kwenu. Zikiisha zimeisha, na unaweza kusema kwa moyo mweupe, "Za zawadi zimekwisha, hizi ni za kuuza." Watu wanaelewa.

Mkopo ni mbaya kuliko zawadi. Kitabu cha 10,000 kilichochukuliwa kwa "nitakupa mwisho wa mwezi" kitakufanya umkwepe mdaiwa wako, ilhali aliyekosea si wewe. Weka namba ya kulipia iliyo wazi, lipa namba au ya kawaida, na usitume kifurushi stendi kabla muamala haujaingia. Bei iwe moja kwa wote. Ukimpunguzia binamu, jirani atasikia.

Ipi ya kuanza nayo

Kama umeandika riwaya na hujulikani, anza na mfululizo miezi mitatu kabla ya kuchapa, na stetasi iende sambamba. Mashairi yaende kwenye kikao cha kusoma na redioni, na kabla ya yote gazetini, ambako wapenzi wa mashairi tayari wapo. Kitabu cha maarifa kiende duka la shida yake. Kitabu cha watoto kiende kwa wazazi na maktaba. Kumbukumbu za mzee zifanyiwe uzinduzi, tena mzee angali hai. Ukiwa na fedha kidogo na muda mwingi, mfululizo. Ukiwa na fedha na huna muda, mali kauli, ila mlipe kijana wa kuzungukia maduka kila mwezi.

Mwenye haya kupita kiasi ana njia nyingine ambayo ningeipendekeza hata kwa asiye na haya. Wapo waliojaribu kujisifu kwa kujificha. Mshairi wa Marekani Walt Whitman, alipotoa kitabu chake mwaka 1855, aliandika mwenyewe tahakiki za kukisifu bila kutia jina, na zikachapwa. Leo watu hufungua akaunti za bandia kwa kazi hiyo hiyo. Ikigundulika, msomaji hakuamini tena hata unaposema kweli. Lakini hakuna ubaya wowote kwa mwingine kukisifu kitabu chako waziwazi, nawe ukakisifu chake. Tafuta waandishi wawili wanaoandika kitu tofauti na chako. Changieni meza moja kwenye maonyesho ya biashara ya Sabasaba au ya vitabu, na mgawane zamu. Wakati wako, uza vya wenzako. Utashangaa ulimi unavyokuwa mwepesi unaposimulia kitabu ambacho hukukiandika, na mnunuzi naye anakusikiliza bila kujikinga, kwa kuwa anaona husemi habari zako. Kubalianeni tu mapema kwamba kila mmoja anavisoma vya wenzake mpaka ukurasa wa mwisho, kwa sababu lazima atatokea mtu wa kuuliza maswali, na hataki kujibiwa kwa maneno ya nyuma ya jalada.